Jina la Sifa Nililokunyima

Feliksi,

Sianzi kwa salamu. Tuko mji mmoja, kutoka hapa hadi kwa mjomba wako ni kuvuka mtaa tu, na wewe umekataa kunisalimia tangu Jumapili. Basi tusidanganyane kwenye karatasi. Mimi si mzima sana, na hali yako naijua kwa kuulizia. Dada yako Marta ameniambia kwamba kwa mjomba unakula vizuri na kwamba sanduku umekwisha kulifunga. Kesho asubuhi unapanda treni ya Jadotville. Ukiondoka kabla sijakuambia haya, yatanikaa kooni, na kwa kazi yangu koo ndilo nililo nalo.

Sitasema habari za soksi wala za kuchemsha maji. Una mikono na una akili, na kule kwenye kambi ya wafanyakazi watakuwapo wanawake wa kutosha wa kukukaripia. Nataka kusema juu ya lile neno ulilonitupia ukiwa umesimama na pasi mkononi.

Jumapili ile baada ya misa Papa Donati alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yako, kofia magotini. Unajua akija mkuu wa kamati ya washangiliaji wa timu yetu ya Kipanga, na kofia ameivua, amekuja kuomba kitu kizito. Alizunguka sana. Aliuliza habari za mihogo, akauliza habari za mguu wa baba yako, ndipo akasema: "Mama Veronika, mwezi unakuya Nyundo ya Jadotville iko nakuya kucheza hapa. Mutoto yako atakuwa katikati yabo. Weye njo unamujua kupita bantu bote. Tutungie wimbo yake, ile ya kumucheka." Nikamwambia anipe siku za kufikiri. Sikusema ndiyo, Feliksi, naomba ulikumbuke hilo. Lakini sikusema hapana pia, na wewe ulikuwa nyuma ya pazia unapiga pasi shati lako la safari.

Ukatoka na pasi yenye makaa, hata Papa Donati akarudisha miguu nyuma. Ukasema: "Mama, miaka yote haukuniita na jina ya muzuri hata mara moya. Sasa utaniita na ya mubaya?"

Mimi ninayejulikana kwa mdomo kutoka mtaa wetu hadi mtaa wa Kenya, nikaanza kupanga viti vilivyokwisha kupangwa. Papa Donati akaitazama kofia yake kama vile hajawahi kuiona. Wewe ukachukua mto wako ukaenda kwa mjomba, na shati ukaliacha juu ya meza, mkono mmoja umenyooshwa na mwingine una mikunjo. Nimelimalizia. Marta atakuletea pamoja na barua hii.

Hasira zilinishika kwanza, sikufichi. Nilijisemea, mtoto gani huyu anayemsema mama yake mbele ya wageni. Nilipepeta unga kwa nguvu mpaka nusu ikaanguka chini. Hasira zilipopoa nikaona kwamba ulichosema ni kweli, na hapo ndipo nilipoumia.

Wacha nikueleze kazi hii nimeielewaje, maana hata jina lake nyumbani kwetu hatukuwahi kukubaliana. Unakumbuka ulipokuwa shule ya mafrère, wale mabruda wa misheni, mwalimu akataka kila mtoto aseme kwa Kifaransa kazi ya baba na kazi ya mama? Ya baba yako ilikuwa rahisi, watu wa reli wana jina lao. Ulirudi mchana ukiniuliza mimi uniandike nini. Baba yako alisema, andika "ménagère", mwanamke wa nyumbani, yaishe. Ukaandika. Nilicheka nikasema ni sawa, maana kweli nafagia na kweli napika. Lakini usingizi ulinipaa. Nilijiuliza, hivi ninachokifanya Jumapili hakina jina?

Kuna hilo neno "supporter" lililokuja na mpira wenyewe. Vijana wanalipenda, wanajiita hivyo wote. Ila "supporter" ni kila mtu anayesimama kwenye mstari wa chokaa na kupiga kelele akitaka, akinyamaza akitaka. Siku moja mzungu mmoja mwenye kamera alimwuliza karani wa timu yetu huyu mwanamke mwenye filimbi ni nani, kama ni mganga wa timu. Karani akatutafsiria, tukacheka, na Lukasi, golikipa wetu, akajibu kwa niaba yangu: "Apana. Ni yeye anaanzaka, siye bengine tunafwata." Sijasikia mtu akiieleza kazi yangu vizuri kuliko Lukasi. Watu wakaniita mama wa shangwe, nikalikubali, kwa kuwa halikunipa ukubwa ambao sina.

Na huyo Lukasi ndiye aliyenifunza kosa langu la kwanza. Nilipopewa filimbi nilikuwa nawaita wafungaji tu. Unaijua desturi yetu, lakini umeiona kutoka ndani ya ua, mimi nikuonyeshe kutoka mlangoni ninaposimama. Wachezaji wako uani kwa Papa Donati, wamevaa, wamesali. Watu wamejaa nje barabarani na ngoma na makopo. Mimi napiga filimbi, naita jina la sifa la mchezaji, jina nililompa mimi na si mwingine, watu wanaitika, vigelegele vinapanda, ndipo yeye anaruka kizingiti na kutoka. Kila mmoja na lake. Asiye na jina hutoka mwishoni, kimya, pamoja na wabeba ndoo za maji. Basi miezi ile ya mwanzo Lukasi alitoka na ndoo. Siku moja alinifuata kisimani, mtu mzima, mwenye watoto, akaniuliza taratibu: "Mama, mie niko nacheza bure?" Jumapili iliyofuata nilianza na yeye, nikaanzia nyuma kuja mbele, na mpaka leo naanzia kwa golikipa.

Kosa la pili ulilicheka mwenyewe ukiwa mdogo. Yule mshambuliaji wetu mrefu niliyempa jina la Umeme wa Mvua. Nilimpenda, alikuwa na miguu ya ajabu. Nikawa namwita hata mpira ukiwa mbali naye, hata akiwa anafunga kamba za viatu. Mwisho akawa akipata mpira anasimama kwanza, anageuza shingo kwa mama wa shangwe, asikie. Siku ile ya mechi na watu wa Kambove alisimama hivyohivyo mbele ya goli tupu, masikio wima, na beki wa Kambove akaja akauchukua mpira polepole kama anaokota embe. Watu walitaka kunipiga mimi, si yeye, na walikuwa na haki. Nikajua sifa ni kama pilipili, kuna kiasi chake kwenye chungu.

Lakini kilichonifunza zaidi ni kufungwa. Timu ikishinda, Feliksi, hakuna anayenihitaji. Watu hushangilia wenyewe, mimi nabaki kuwafuata na filimbi yangu. Kazi ni siku mnapopigwa mabao na mvua juu, na watu wanaanza kuondoka mmoja mmoja wakijifanya wamekumbuka shughuli. Siku ya namna hiyo nilisimama kwenye matope nikaita jina la Lukasi, aliyekuwa ametoka kufungwa bao la kipuuzi. Hakuna aliyeitika. Nikasikia sauti yangu inavyosikika peke yake, nyembamba, ya mwanamke tu aliyelowa. Aibu ile sijui nikuelezeje. Nikaita tena. Mara ya tatu mzee mmoja muuza karanga aliitika, kwa kunionea huruma nadhani, na baada yake wengine. Hatukushinda. Ila Lukasi alirudi nyumbani amesimama wima, na mimi nilielewa kwamba hii ndiyo kazi yenyewe, hayo mengine ni ngoma tu.

Sasa nije kwako, maana nimezunguka kama Papa Donati.

Ulipochukuliwa Kipanga ulikuwa bado una mabega ya kitoto. Jumapili yako ya kwanza nilikuwa na jina lako tayari. Nilikuwa nalo tangu zamani, nilikuwa nikilisema nikichota maji, nikilipima kama litaitikika. Nikasimama mlangoni kwa Papa Donati. Nikamwita Lukasi, nikawaita mabeki, nikawaita wote. Ilipofika zamu yako nilitoa filimbi mdomoni, nikawaona wale wanawake wa mstari wa mbele wananitazama. Walikuwa wanangoja. Mama Agnesi, aliyeshika filimbi kabla yangu, walimnyang'anya kwa sababu alimwimba mtoto wa dada yake kupita wenzake. Walimvua kitambaa cha kichwa barabarani, mbele ya watu. Mimi nilikuwapo, na kitambaa kile ndicho nilichokiona mbele yangu, si wewe. Nikasema moyoni, leo nitamwacha, watu wazoee kwanza, Jumapili ijayo nitamwita.

Ukatoka na ndoo za maji.

Jumapili iliyofuata nikasema ijayo. Ulipofunga bao lako la kwanza nikasema sasa ndiyo vibaya zaidi, watasema nilikuwa nangojea. Msimu ukaisha, mwingine ukaanza, wakaja vijana waliokukuta nikawapa majina wao. Nyumbani nilikukatia kipande kikubwa cha nyama nikadhani umeelewa. Nikikutazama ukitoka kwenye kile kizingiti, ulikuwa unaangalia viatu vyako. Nilijiambia ni adabu.

Watu walinisifu, Feliksi. Walisema Mama Veronika hapendelei, angalieni hata mwanawe. Na mimi nilitembea na sifa hiyo kifua mbele, nikawa naipenda. Hapo ndipo lilipo kosa lenyewe, kuliko woga. Woga ungepita. Ila nilianza kunenepa kwa kukunyima wewe.

Wakaja Nyundo kukutaka, wakikuahidi kazi kwenye karakana yao. Najua karakana ile ya Jadotville ina kazi nzuri ya ufundi, na kila kijana anaitaka. Najua pia huendi kwa ajili ya kazi peke yake. Ulimwambia Marta, na Marta hana mlango mdomoni. Ulipokwenda kule kujaribiwa, washangiliaji wao walikuita kabla hata hujavua koti. "Kule balishanipa jina." Hivyo ndivyo ulivyomwambia, na ukamwambia asiniambie. Usimgombeze. Nilipolisikia nilikaa chini kwenye kizingiti cha jiko, nikakaa muda mrefu, na maharage yakaungua. Wageni walikuona siku moja wakakupa kile ambacho mimi nilikuwa nacho mdomoni miaka yote.

Sikuulizi ni jina gani. Ni lako, walikupa kwa moyo, litunze. Ila nina wivu nalo, na usinifanye niseme kwamba sina.

Jana nilikwenda kwa Papa Donati na jibu. Walikuwa uani na kamati yake, wananywa. Nikawaambia wazi. Kwetu hatumcheki mchezaji wa wenzetu kwa chuki. Tunamcheka kwa sababu tunamwogopa, na mtu wa miguu mibovu hatumtungii wimbo. Kwa hiyo Feliksi akija na Nyundo anastahili kuchekwa, tena kuchekwa vizuri. Lakini mimi siwezi kumcheka mtu ambaye sikumsifu. Nikawaambia, kesho kutwa atapanda treni. Nitakwenda stesheni, nitamwita jina lake la sifa pale, mbele ya watu, kama nilivyowaita wenzake wote. Nikisha kumwita, wimbo wa kumcheka nitauleta mwenyewe.

Kisha mmoja akasema huyo si wa Kipanga tena, ni adui, na mama wa shangwe hamwiti adui. Nikasema amewavalia jezi ya Kipanga misimu miwili huku akitoka na ndoo, sasa mnanifundisha nani ni nani. Papa Donati aliinua mkono. Si mtu mbaya, unamjua. Alikuwa na uso wa mtu anayeumwa jino. Akasema: "Mama, siye tunakuheshimu. Lakini ukimwita kule ku gare, filimbi utaiacha. Na bantu ya Kipanga bote batakuwa kule, kumuzomea. Hakuna muntu ataitika. Unasikia? Hata muntu moya. Na polisi ya bazungu hapendi makelele pale."

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Filimbi ile ndiyo inayonitoa kwenye vumbi la jikoni kila wiki. Bila hiyo nitasimama wapi Jumapili? Nyuma, na wale wanaokumbuka shughuli mvua ikianza? Na baba yako ni mtu wa reli. Stesheni ile ni mahali pa kazi yake, wakubwa wake wanapita pale, na mke wake akipiga kelele kwenye jukwaa lao atakayeulizwa ni yeye. Leo mchana nikamweleza yote. Unamjua baba yako na maneno, anayatumia kana kwamba yataisha. Alimaliza ugali wake, akanawa, akafuta mikono. Akasema: "Kesho mie nitavala koti." Ni hayo tu. Lile koti lake la ndoa, ambalo hata kwa Noeli hulitoa kwa kubembelezwa. Nikaenda kulitundika juani.

Kwa hiyo sina sababu tena ya kujificha nyuma ya mtu.

Hutanisikia nikikushauri mengi, kwa kuwa mengi niliyodhani nayajua yalikuwa yananifaa mimi. Moja tu ninalo la hakika. Kule utakakokwenda utakuwa na watu chini yako siku moja, wanagenzi, mke, watoto. Ukimwona mtu amefanya vizuri na ukawa na neno lake mdomoni, liseme siku hiyohiyo, usingoje watu wazoee. Mimi nilingoja, na sasa nitalazimika kulisema jina lako juu ya kelele za treni.

Na usiogope kurudi mwezi ujao na jezi ya Nyundo. Watakaochukua filimbi yangu watakuja kuniuliza aibu zako, maana hakuna anayezijua kama mimi. Nitawaambia sijui kitu. Labda ile ya mabata ya masista, jinsi yalivyokukimbiza mpaka ukapanda juu ya sanamu. Hiyo mtu hawezi kuiacha bure, utanisamehe.

Sasa nisikilize vizuri. Jina lako siliandiki kwenye barua. Jina la sifa mtu hulisikia mara ya kwanza mbele ya watu, halisomwi kwenye karatasi, na baada ya yote niliyokukosea sitakupa lililochachuka. Nitafika stesheni mapema. Filimbi nitamkabidhi Papa Donati mkononi kabla sijafungua mdomo, asije akasema nilimwita mwanangu kwa pumzi ya timu. Watakuzomea, nadhani. Wengine ni marafiki zako na watazomea huku wanalia. Usiwachukie. Treni ikianza kusogea nitaita. Sijui nani ataitika. Baba yako hajawahi kupaza sauti tangu nimjue, na sitegemei aanze kesho. Huenda itakuwa sauti yangu tu, na magurudumu, na polisi anakuja. Nitaita tena hata hivyo, na tena, mpaka behewa la mwisho lipite.

Najua umekasirika, na una haki ya kwenda ukiwa umekasirika. Hata ukitaka usinijibu kitu, usinijibu. Ila usikae upande wa pili wa behewa. Kaa upande wa jukwaa, na ukisikia naanza, simama dirishani utazame nje. Nimewaita vijana wengi mlangoni pale, najua uso wa kijana unavyokuwa anapolisikia jina lake. Wako sijauona bado.

Mama yako,
Veronika